Bi Josepha Tarimo, Mtani Aliyekosea kwa Faida ya Kimwaru

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Josepha Isidori Tarimo, Afisa Mwandamizi wa Ukusanyaji katika Kitengo chetu cha Lugha za Jamii, anastaafu utumishi wa umma baada ya miaka thelathini na minne. Alipoajiriwa, baadhi yetu tunaosoma jarida hili tulikuwa bado tunafungwa kamba za viatu na mama zetu. Anaondoka na afya njema, sauti yake kubwa na maswali yake yote, kwa kuwa hakuna siku aliyowahi kukosa swali.

Mimi ninayeandika ni Talha Abdulmalik, fundi wa Chumba cha Sauti. Kazi hii nimepewa kwa sababu nimeketi na Bi Josepha chumba kimoja muda mrefu kuliko mtumishi mwingine yeyote, tena chumba kisicho na dirisha, chenye feni inayozimwa kila tunaporekodi. Mhariri aliniomba niandike sifa tu. Nimejaribu, lakini sifa tupu zingemkera mwenyewe, angeanza kuniuliza nimezipata wapi.

Bi Josepha alizaliwa Mashati, Rombo, na aliingia Idarani kama mpiga chapa wakati ofisi yetu ikiwa Upanga. Alikuwa akichapa maneno waliyoyaleta maafisa kutoka mikoani: neno la lugha fulani kushoto, Kiswahili chake kulia. Mpiga chapa mwingine angechapa akaenda zake nyumbani. Yeye alimfuata afisa mpaka kwenye chai kumuuliza yule mtu aliyelisema neno lile alikuwa anafanya nini wakati analisema. Alikuwa amekaa au amesimama? Alikuwa anamwambia nani, na huyo aliyeambiwa alijibu nini? Maafisa hawakuwa na majibu, maana wao waliuliza maji yanaitwaje, wakaambiwa, wakashukuru, wakapanda gari. Mwishowe waliona njia pekee ya kumnyamazisha ni kumpeleka akaulize mwenyewe. Hivyo ndivyo Bi Josepha alivyopandishwa cheo.

Hakunyamaza. Wakongwe wa Kitengo wanaikumbuka siku alipotumwa Feri kununua samaki wa sherehe ya ofisi. Alirudi jua likiwa limeshapoa, kikapu kitupu, uso umejaa furaha. Alikuwa amekaa na wakaanga samaki akisikiliza majina wanayoyapa mafuta kadiri yanavyozidi kuchakaa, tangu yakiwa mapya mpaka yanapokuwa ya kumwagwa. Tulikula chipsi mayai siku ile. Kwa muda mrefu baadaye hakuna aliyethubutu kununua samaki wa kukaanga bila kwanza kuchungulia sufuria.

Ofisi kuu ilipohamia Dodoma, Kitengo chetu kiliachwa nyuma kwa sababu ya mitambo ya sauti, tukapangishiwa ghorofa ya tatu Mtaa wa Likoma, Kariakoo, juu ya duka la vitenge. Tuliambiwa ni kwa muda, na muda huo bado unaendelea. Kurekodi sauti Kariakoo ni kazi ya mtu mwenye subira, na mimi sina. Nilibandika magodoro ukutani, nikaziba mlango kwa mablanketi ya mtumba, na bado vipaza sauti vya machinga vilipenya. Watafiti wa kesho watakaotumia hazina yetu nawaomba wajue kwamba "jero jero, mbili buku" si sehemu ya lugha yoyote iliyo hatarini kutoweka.

Bi Josepha hakuona tatizo. Mimi nikishuka ngazi kwenda kumwomba machinga apunguze sauti, yeye alishuka nyuma yangu kumuuliza amejifunzia wapi kunadi kwa mapigo yale. Mtaa mzima ukampa jina la Mama Mnaitaje. Akipita, kijana mwenye meza ya chaja za simu humwamkia shikamoo, kisha humuuliza kama leo anachukua mzigo au maneno tu. Huwa anachukua vyote viwili.

Idara ilipopewa mpango wa serikali wa kuhifadhi lugha zilizo hatarini, wengi wetu tulidhani kazi ngumu ingekuwa safari. Kumbe kazi ngumu ilikuwa kuaminiwa. Wazee wetu walilelewa wakiambiwa kwamba lugha ya kwenu iache kwenu, mjini ni Kiswahili, na Kiswahili wakakipenda kwa moyo. Leo anakuja mtu wa serikali na kipaza sauti, anataka kilekile alichoambiwa mzee akiache mlangoni. Mzee anamtazama, anajiuliza ni mtego gani huu. Wengine walijibu kwamba lugha yao wameisahau, kisha wakageuka kumgombeza mjukuu kwa lugha hiyohiyo. Nilikuwa najiuliza kila siku: unamshawishije mtu akupe kitu ambacho anaona aibu kuwa nacho?

Hapo ndipo inapoingia habari ya Kimwaru, ambayo bila Bi Josepha isingekuwapo katika hazina yetu.

Wamwaru ni watu wachache wa milima midogo ya kaskazini. Kule kwao vijana wamehamia Kiswahili, na afisa wetu aliyepanda milima hiyo alirudi akasema lugha imekwisha. Bi Josepha hakukubali. Aliuliza wazee wa Kimwaru walikwenda wapi walipokuwa vijana, akaambiwa Dar es Salaam kuuza tangawizi na iliki. Basi akashuka ngazi, akatembea dakika chache tu hadi sokoni, akaikuta lugha iliyokwisha ikiwa hai kwenye safu moja ya meza za tangawizi. Wamwaru waliitumia kushauriana bei mbele ya mteja bila mteja kujua. Mkubwa wao alikuwa Bibi Severine, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, aliyeweza kukupimia kilo huku akikucheka kwa lugha usiyoielewa.

Walimpokea vizuri mno. Walimpa kigoda, wakampa chai, wakamfundisha kila alichotaka. Majina ya vidole, salamu za asubuhi, methali, na wimbo mtamu wa kumkaribisha mgeni wa heshima. Karibu mwaka mzima alikusanya, na mimi nikarekodi. Bwana Muhiddin, mkuu wa Kitengo, alifurahi hata akaagiza wimbo ule uimbwe kwenye sherehe yetu ya lugha pale viwanja vya Mnazi Mmoja. Kwaya ya watoto wa shule ikafundishwa, pamoja na ishara za mikono kama Bibi Severine alivyozionyesha.

Sisi wote tulisahau jambo moja, na sijui tulilisahauje katika nchi hii. Wachaga, kabila la Bi Josepha, na Wamwaru ni watani.

Mgeni rasmi alipowasili, watoto wakaimba kwa sauti za malaika huku wakisukuma hewa kwa viganja kuelekea kwake. Yeye akatabasamu, akapunga. Nyuma ya mahema, walikoketi Wamwaru, kicheko kikalipuka, mzee mmoja akaanguka na kiti chake cha plastiki. Ule haukuwa wimbo wa kumkaribisha mgeni. Ni wimbo wa kuwafukuza watani kwenye sufuria siku ya kumaliza matanga, na ubeti wake wa pili unamwambia mgeni tumbo lake limeshatosha. Mgeni rasmi, ambaye tunamshukuru kwa ukunjufu wake, alipoelezwa alicheka kuliko wote. Bwana Muhiddin hakucheka. Tulipoanza kukagua yaliyobaki, tukakuta kila kidole cha Kimwaru kina jina la jirani wa Bibi Severine.

Wahenga walisema ukivuliwa nguo, chutama. Bi Josepha alichutama, lakini hakukaa kimya. Bwana Muhiddin alitangaza kwamba Kimwaru kitaondolewa kwenye mpango ikiwa hadi mwisho wa mwaka wa fedha hatutakuwa na mazungumzo ya kweli ya wenye lugha. Hakuwa na ubaya. Lugha nyingine nazo zilikuwa zikisubiri zamu, na fedha ni zilezile. Ila kuondolewa kulimaanisha kwamba wale wazee wa safu ya tangawizi wangeondoka duniani na lugha yao bila hata saa moja ya mazungumzo yao ya kweli kubaki.

Bi Josepha akarudi kwa Bibi Severine, safari hii akiwa na hasira. Bibi akamjibu bila kupepesa macho kwamba kosa si lao. Mtani akikuuliza jambo, unamdanganya. Ukimwambia ukweli umemvunjia heshima, umemfanya mtu baki. Kwa desturi yao, mtani huambiwa kweli msibani tu, kwa sababu msibani ndiko anakofanya kazi. Bi Josepha alipanda ngazi akanisimulia haya huku macho yanamng'aa. Hasira ilikuwa imekwisha, ameshapata swali jipya.

Kisha soko likaungua. Wafanyabiashara wakatawanywa kusubiri ujenzi, mmoja Kisutu, mwingine Karume, mwingine akarudi kwao milimani. Ile safu ya tangawizi ikafa. Tulikuwa hatujafikiria kwamba lugha inaweza kuwa na anwani, na kwamba anwani ikipotea wenye lugha hawana pa kukutana. Bibi Severine alihamia kibaraza cha nyumba yake Mtaa wa Sikukuu, akawa anauza tangawizi peke yake. Siku moja alimwambia Bi Josepha, bila utani safari hii, kwamba kufa haogopi. Anachoogopa ni kuamka asubuhi akaita kwa lugha yake na asiwepo wa kumwitikia, maana nyumbani alibaki na mumewe tu, Mzee Ansbert, naye alikuwa mgonjwa.

Mzee Ansbert alifariki wiki chache baadaye. Mchana wa kuaga, kabla msiba haujasafirishwa kwenda milimani, Wamwaru kutoka kila pembe ya jiji walijaa ua wa nyumba ile. Bi Josepha aliomba ruhusa ofisini, akafunga kitenge juujuu, akaenda. Aliingia kama mtani anavyoingia. Alichukua koti la marehemu akalivaa, akachukua fimbo yake, akaketi kwenye kiti chake mlangoni, akaanza kudai chai na kuwagombeza wateja wa tangawizi kama mzee alivyokuwa akifanya. Alifanya hivyo kwa Kimwaru, Kimwaru cha kubuni kilichounganishwa na kila uongo aliowahi kufundishwa.

Waliokuwapo wanasema waombolezaji wote walimgeukia. Halafu Bibi Severine, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafungua mdomo, akainua kichwa akamsahihisha. Mzee wangu hakusema hivyo, alisema hivi. Shemeji mtu naye akamsahihisha Bibi: hapana, hivyo ni usemi wa bondeni, Ansbert alikuwa mtu wa juu. Wa tatu akaingilia, wa nne akacheka, na kwa muda wote uliobaki watu waliodai wameisahau lugha yao walibishana kwa lugha hiyo kuhusu mtu waliyempenda, huku wakilia na kucheka.

Kinasa sauti kilikuwa mezani kwangu, Mtaa wa Likoma. Hakukichukua. Aliponisimulia kesho yake nilitaka kulia, na nikamwambia. Mchana bora kuliko yote katika historia ya Kitengo, na hatuna hata sekunde moja! Akanijibu kwamba alikwenda kuzika, na mtu haendi kuzika na mashine ya serikali. Nilinuna siku mbili.

Siku ya tatu baada ya waombolezaji kurudi kutoka milimani, nilisikia vishindo kwenye ngazi. Bibi Severine alikuwa anapanda ghorofa ya tatu, ameshikwa mkono na mjukuu wake Caroline, na nyuma yao watu watatu wa ile safu ya zamani. Alikaa, akafuta miwani, akaniambia, "Haya baba, washa kitu chako." Sharti lake lilikuwa moja: mtani awe ndani ya chumba, na awe anakosea.

Ndiyo mbinu ambayo leo inafundishwa kwa kila afisa mpya. Bi Josepha haulizi neno linaitwaje. Anasema jambo vibaya, anatulia, na wenye lugha wanamrukia. Nimeona kwa macho yangu kwamba mtu anaweza kukataa swali la serikali mwaka mzima, lakini hawezi kuvumilia kosa kwa dakika moja. Kwa njia hiyo Kitengo kimerekodi ubishi mtamu wa lugha kadhaa zilizoripotiwa kuwa zimekwisha, na Kimwaru, kilichokaribia kufutwa, ndicho chenye mazungumzo mengi kuliko zote. Bwana Muhiddin mwenyewe sasa huwasimulia wageni habari ya kwaya ya Mnazi Mmoja, na kila mwaka anaifanya iwe ya kuchekesha zaidi.

Lakini miaka haina huruma. Wale watu watatu wa safu wakapungua, wawili kwa kifo, mmoja kwa kurudi milimani, asitake tena safari. Tangu mwaka jana Bibi Severine alikuwa akipanda ngazi zetu na Caroline tu, na Caroline anasikia Kimwaru lakini hakisemi. Bi Josepha akikosea, wa kusahihisha alibaki mmoja, na hakukuwa na wa kubishana naye. Nilikuwa nikiwasikiliza kwenye spika za masikio, najiuliza itakuwaje Juni ikifika, Bibi abaki na mimi na magodoro yangu.

Wiki iliyopita walikuja kwa kikao cha mwisho. Niliwasha mitambo, nikainua kidole, nikasubiri kosa kama kawaida. Bi Josepha akasogeza kiti, akamshika Bibi Severine mikono, akasema kwa Kimwaru, polepole, maneno ambayo hata mimi niliyaelewa baada ya kuyasikiliza yakikosewa kwa muda wote huo: Mama, serikali imeniambia niende nyumbani. Nilichopewa na watu wako ninacho, na kimekaa vizuri. Ukiniita, nitaitika.

Bibi Severine alikuwa ameshafungua mdomo kusahihisha. Akaufunga. Akafungua tena, akatafuta, hakupata. Hakukuwa na kosa hata moja, si la neno wala la mapigo, na kilikuwa Kimwaru cha juu, kama cha Mzee Ansbert. Machozi yakamtoka chini ya miwani. Halafu akaanza kujibu, kwa sauti ya chini, maneno marefu yasiyo na mzaha ndani yake, kama mtu anavyozungumza na mtu wa nyumbani kwake. Nami nililia, na katika rekodi hiyo kuna sauti ya mtu anapenga kamasi. Ni mimi.

Baadaye nilimuuliza Bi Josepha amekijua Kimwaru tangu lini. Akasema anakijua siku nyingi, ila ofisi ilikuwa inamhitaji asiyejua.

Kabla ya kushuka, Bibi Severine alimwagiza Caroline achukue namba ya simu ya Bi Josepha, kitu ambacho hakuwahi kukitaka miaka yote ya utani. Jumatatu hii tukiwa kwenye kikao cha watumishi, Bwana Muhiddin akizungumzia bajeti, simu ya Bi Josepha ikalia. Aliipokea palepale, akaitika kwa Kimwaru, akatoka nje akiongea na kucheka koridoni. Bwana Muhiddin alikunja karatasi zake, akasema tusubiri, na sote tukasubiri. Aliporudi, mimi kwa udadisi niliojifunza kwake nikamuuliza Bibi alikuwa anasemaje. Akasema hakuna jambo, tangawizi imepanda bei na goti linamuuma. Hatukurekodi chochote.

Bi Josepha, Kitengo kinakushukuru kwa kazi, kwa maswali, na kwa makosa yako yote. Mumeo na wanao tunawashukuru kwa kutuazima wewe siku zote hizo. Nenda Mashati ukapalilie migomba, upumzike, uulize unachotaka bila kuandika ripoti. Mungu akupe uzee wa afya na furaha, na kila asubuhi utakapoita, kwa lugha yoyote kati ya ulizonazo, tunakuombea awepo wa kuitika.

Talha Abdulmalik
Kwa niaba ya watumishi wote, Mtaa wa Likoma, Kariakoo